Je, Wajua? Raha za Pwani Zisizo na Tikiti

Shule zimefungwa, watoto wamejaa nyumbani, na mfuko wa mzazi umeanza kulia. Tulia kidogo. Kuanzia Lamu hadi Dar es Salaam, bahari, mwezi na upepo vina maonyesho yake kila siku, na hakuna mtu mlangoni wa kukudai kiingilio. Unachotakiwa ni kujua saa ya kufika na mahali pa kuelekeza macho. Soma, chagua, kisha wakusanye wanao mtoke.

Ufuo wenu umo kwenye Katiba

Ule mchanga ulio mbele ya hoteli ya kifahari ni mali ya umma. Kifungu cha 62 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinaihesabu ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa kuwa ardhi ya umma. Kwa hiyo familia iliyotandika leso yake chini ya ule mstari wa mwani unaoachwa na maji imekaa kwake, hata kama hatua chache nyuma yao kuna chumba kinacholipiwa kwa dola. Tanzania nayo, kwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari. Penye utata huwa ni njia ya kuufikia mchanga wenyewe. Ndiyo maana ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta pale Bamburi, ambao wenyeji huuita Pirates, na Coco Beach ya Dar es Salaam hufurika siku ya Idi na Krismasi: njia yake iko wazi kwa kila mtu.

Bahari huchelewa dakika 50 kila siku

Maji yakijaa leo saa nane mchana, kesho yatajaa saa tisa kasoro dakika kumi hivi. Mwezi nao uko safarini kuizunguka dunia, na dunia huhitaji dakika hizo 50 za ziada kuufikia tena. Siku za bamvu, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa katika pwani yetu hukaribia mita 4. Bahari ya Mediterania kwingi haifikishi hata nusu mita. Mwezi ukiwa nusu huja maji mafu, na bahari husogea kidogo tu.

Siri ambayo wavuvi wanaijua na wageni wengi hawaijui ni hii: katika ukanda wa Mombasa na Zanzibar, maji ya bamvu hukupwa kabisa karibu saa nne au saa tano asubuhi, mwaka mzima. Ukiona mwezi mpevu usiku, asubuhi yake au siku mbili zinazofuata bahari itakufungulia uwanja wa kutembea. Vaeni viatu, msikanyage matumbawe hai, na mrudi nchi kavu mapema, kwa sababu maji yakianza kujaa hayangoji mtu.

Mchanga mwingine umepita tumboni mwa samaki

Sehemu ya ule mchanga mweupe ambao watoto wanajengea kasri ni kinyesi cha pono. Samaki huyu ana meno yaliyoungana yakawa mdomo mgumu. Hukwangua mwani juu ya matumbawe, humeza na vipande vya jiwe, huvisaga kooni, kisha huvitoa nyuma vikiwa mchanga. Pono mkubwa anaweza kutoa mamia ya kilo za mchanga kwa mwaka mmoja. Ndiye huyohuyo wa usingizi wa pono: usiku, aina kadhaa za pono hujitengenezea mfuko wa ute na kulala ndani yake hadi asubuhi. Huhitaji miwani ya kuzamia ili kumwona. Nendeni kwenye diko wavuvi wanaposhusha samaki, mwombe mmoja awafunulie watoto mdomo wake, na mtaelewa jinsi jiwe linavyogeuka mchanga.

Huyu kaa atawaacha watoto wako nyuma

Wale kaa weupe wenye macho yaliyosimama juu ya vijiti, wanaochomoka mashimoni jioni, hukimbia zaidi ya mita 2 kwa sekunde, tena ubavuubavu. Shimo lake linaweza kuzidi kina cha mita moja, kwenda chini kwenye mchanga wenye unyevu, maana bila unyevu hawezi kupumua.

Maji yakikupwa, tazameni pia wale wadogo kabisa wanaojaza ufuo vijidonge vya mchanga. Chuchumaa, tulia kwa dakika moja bila kutikisika, nao watatoka. Kaa huchota mchanga kwa gando, huupeleka mdomoni, hufyonza chembe za chakula, kisha hutoa kidonge kisafi na kukitupa nyuma. Hufanya hivyo tena na tena hadi mashimo yazungukwe na mistari ya vidonge iliyopangika kama mionzi ya jua. Maji yakirudi hufuta kila kitu, na kesho kazi huanza upya.

Kaa wengine hupanga foleni ya kuhama nyumba

Kaa anayeishi ndani ya gamba la konokono hakulitengeneza gamba hilo, alilikuta. Akikua, linambana, na lazima atafute kubwa zaidi. Gamba zuri linapotupwa ufuoni, kaa kadhaa wanaweza kujipanga kuanzia mkubwa hadi mdogo, wakingoja wa mbele ahame. Akishahama tu, kila mmoja huingia kwenye nyumba ya aliyemtangulia, na foleni nzima humaliza kuhama ndani ya muda mfupi sana. Hii ndiyo sababu nzuri ya kuwaeleza watoto waache makombe walipoyakuta: lile gamba la kupamba rafu ya sebuleni ni nyumba ambayo mtu anaisubiri. Ndani ya hifadhi za bahari kuyaokota ni marufuku kabisa.

Safari ya bahari ya bure ipo Likoni

Mwenda kwa miguu halipi hata senti kuvuka kwa feri ya Likoni. Mombasa ni kisiwa. Kaskazini kuna Daraja la Nyali tangu mwaka 1980, magharibi kuna barabara ya Makupa, lakini anayekwenda kusini, Likoni hadi Diani, kwa kawaida hupanda feri. Hukadiriwa kuwa watu zaidi ya 300,000 huvuka hapo kwa siku, na hivyo mkondo huu wa takriban mita 500 una shughuli nyingi kuliko viwanja vingi vya ndege. Epukeni asubuhi na jioni, watu wanapokwenda na kutoka kazini. Pandeni saa nne au saa tano, shikeni watoto mikono, simameni pembeni penye upepo, na huenda feri yenu ikangoja kidogo ili meli ya makontena yenye urefu wa viwanja kadhaa vya mpira ipite kwanza kuelekea bandari ya Kilindini.

Meli zimeandikwa miji ambayo huenda hazijawahi kufika

Angalia nyuma ya meli inayopita utaona jina la mji: Panama, Monrovia, Majuro. Panama, Liberia na Visiwa vya Marshall ndizo nchi zinazoongoza kwa kusajili meli, na kwa pamoja zimeandikisha zaidi ya theluthi moja ya uwezo wote wa kubeba mizigo wa meli za dunia. Mwenye meli anaweza kuwa Ugiriki, mabaharia wakawa wa Ufilipino, na bendera ikawa ya Liberia.

Pa kuchezea mchezo wa kusoma majina hayo ni Mama Ngina Waterfront, ambapo wenyeji bado wanapaita Lighthouse. Bustani hiyo ilifunguliwa upya mwaka 2019, na meli huingia bandarini karibu mno na ukuta hata majina yake husomeka kwa macho matupu. Watoto wakusanye bendera kwenye daftari; wewe ukae chini ya mbuyu. Ukipenda kutoa chochote, kuna muuzaji wa mihogo ya kuchoma pembeni: hupasua muhogo katikati, husugua ndimu, hunyunyiza chumvi na pilipili ya unga, na kukukabidhi ungali moto.

Ukuta wa Mji wa Kale una wanyama ndani yake

Kuta nyingi za Mji wa Kale wa Mombasa zimejengwa kwa miili ya wanyama: matumbawe. Mwamba tunaosimama juu yake hapa pwani ulikuwa mwamba hai chini ya bahari yapata miaka 125,000 iliyopita, wakati bahari ilipokuwa juu kuliko leo. Ngome ya Fort Jesus, iliyoanzwa mwaka 1593 kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati, imejengwa juu ya mwamba huo na kwa mawe yake. Iliwahi kuzingirwa na Waomani kuanzia mwaka 1696 hadi 1698, na tangu 2011 imo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Kuingia ndani kuna kiingilio, ila kuuzunguka ukuta kwa nje na kupotea vichochoroni ni bure. Mahali lipu ilipobanduka, mwambie mtoto asogeze pua: ataona vijinyota vidogo vilivyopangwa jiweni. Kila kijinyota kilikuwa makao ya mnyama mmoja.

Mara mbili kwa mwaka kivuli chako hupotea

Karibu tarehe 10 Machi na tarehe 3 Oktoba, jua hupita wima kabisa juu ya Mombasa, na kijiti kilichosimikwa vizuri hakitoi kivuli. Jambo hili hutokea tu kwa wanaoishi kati ya Tropiki ya Kansa na Tropiki ya Kaprikoni. Mtoto wa London au Paris hataliona kwao maisha yake yote. Machi, subirini kama saa sita na nusu mchana. Oktoba, kama saa sita na dakika kumi. Walio Dar es Salaam wafanye hivyo karibu tarehe 3 Machi na tarehe 10 Oktoba. Simikeni chupa ufuoni au mtoto asimame wima: kivuli kitajikusanya chini ya nyayo zake. Vaeni kofia, kwa sababu hiyo ndiyo saa ambayo jua halina huruma.

Ua la mbuyu hufunguka jioni na kufa kesho yake

Mbuyu unaweza kuishi zaidi ya miaka 2,000, lakini ua lake halidumu hata siku mbili. Machipukizi yenye umbo la yai hufunguka jua likizama, tena kwa kasi ambayo mtoto mwenye subira anaweza kuishuhudia. Ua jeupe huning'inia likinuka usiku kucha, popo huja kunywa nekta na kuondoka wamepakaa chavua usoni, na kabla ya jioni ya pili limeshaanguka. Hasa miezi ya mwisho wa mwaka, tafuteni mbuyu wenye machipukizi, fikeni kabla ya magharibi, mkae chini yake. Tunda litakalotokana na usiku huo lina vitamini C nyingi kuliko chungwa la uzito uleule, na ndilo linaloishia kwenye mabuyu mekundu yanayopaka rangi ulimi wa mtoto.

Mbega wa Diani wana madaraja yao

Ukitembea kando ya barabara ya Diani, inua kichwa: zile ngazi za kamba zilizovuka juu ya magari ni vivuko vya mbega. Shirika la Colobus Conservation, lililoanzishwa mwaka 1997, huzining'iniza ili wanyama hao wasigongwe wanapotoka mti mmoja kwenda mwingine. Mbega hana dole gumba, na hilo halimzuii kuruka matawi kwa ustadi wa kutisha. Mtoto wake huzaliwa mweupe mwili mzima, rangi nyeusi ikaja baadaye. Tumbo lake lenye vyumba kadhaa humwezesha kuishi kwa majani, hivyo hana haja na chipsi zenu. Wa kuchungwa ni kima na tumbili, wanaojua kufungua mfuko wa mkate kuliko mwenyewe. Msiwalishe hata kidogo. Anayezoea mkono wa mtu huishia kuwa mwizi.

Nyangumi hupita Watamu bila kualikwa

Kila mwaka, kati ya Julai na Septemba hivi, nyangumi nundu hufika maji ya Kenya kutoka bahari baridi za karibu na Antaktika, safari ya zaidi ya kilomita 5,000. Mmoja hufikia mita 15 na uzito wa tani 30. Huja kupandana na kuzaa penye maji ya joto, na kwa miezi hiyo karibu hawali kitu; wanaishi kwa mafuta waliyojiwekea. Mwenye boti atakutoza, mwenye subira hatozwi. Chagueni mahali palipoinuka, siku bahari ikiwa shwari, na mtazame ng'ambo ya mwamba kama kuna wingu jeupe la mvuke linaloruka na kupotea. Hiyo ni pumzi. Likitokea mara moja, msiondoe macho: huenda mwili mzima ukafuata.

Joto la mchanga humfanya kasa awe dume au jike

Yai la kasa halitagwi likiwa na jinsia iliyokwisha kuamuliwa, mchanga huliamulia. Mayai yakikaa kwenye joto la karibu nyuzi 29, hutoka mchanganyiko. Mchanga ukiwa moto zaidi hutoka majike, ukipoa hutoka madume. Mama huchimba shimo, hutaga mayai yapatayo mia moja au zaidi, hulifukia na kurudi baharini bila kuangalia nyuma. Baada ya miezi miwili hivi, watoto huchimbuka pamoja na kukimbilia upande wenye mwanga zaidi, ambao zamani ulikuwa bahari na siku hizi unaweza kuwa taa ya baa. Watamu, kikundi kilichoanza mwaka 1997 na leo kinaitwa Local Ocean Conservation hulinda viota hivyo. Mkibahatika kuwakuta wakitoka, zimeni simu zote, simameni nyuma yao, na mwaache watembee wenyewe.

Kuna ndege anayekuja likizo kutoka Oman

Hori ya Mida, karibu na Watamu, hupokea wageni wasio na pasipoti: ndege weupe wenye mgongo mweusi na mdomo mnene wa kuvunjia kaa. Huzaana kwenye visiwa na fukwe za Oman, Ghuba na Bahari ya Shamu, kisha hushuka kwetu kukwepa baridi. Miongoni mwa ndege wa jamii yake wanaotembea matopeni, ndiye anayechimba handaki mchangani na kutaga ndani yake yai jeupe, joto la ardhi likisaidia kazi ya kulalia. Hata akishafika Afrika, mtoto aliyekwisha kukua bado humfuata mzazi akiomba kaa, tabia ambayo wazazi wengi wa binadamu wataitambua. Kwenye matope hayohayo wapo vitwitwi wadogo waliotoka Siberia, zaidi ya kilomita 8,000. Fikeni maji yakianza kujaa: yanawasukuma ndege wote kusogea ukingoni, karibu na macho yenu.

Mkoko huzaa watoto waliokwisha kuota

Mbegu ya mkoko haingoji udongo. Huota ikiwa bado juu ya mti. Zile fimbo za kijani zinazoning'inia ni miche tayari, na ikidondoka maji yakiwa yamekupwa, hujichoma kwenye tope na kuanza maisha papo hapo. Yakiwa yamejaa, huelea hadi pwani nyingine. Kenya ina aina 9 za miti hii ya mikokoni, na chini yake kuna samaki anayetambaa matopeni kwa mapezi, akipumua kupitia ngozi yenye unyevu. Watoto wakimwona akipanda mzizi wataanza kubishana kama ni samaki au chura. Gazi, kusini mwa Diani, wanakijiji wanaendesha mradi wa Mikoko Pamoja tangu mwaka 2013: wanaitunza misitu yao na kuuza hewa ya ukaa iliyohifadhiwa humo, fedha zikaenda kwenye maji na shule.

Chini ya milima ya mchanga ya Shela kuna maji matamu

Kisiwa cha Lamu kimezungukwa na bahari, lakini maji yake ya kunywa kwa sehemu kubwa hutoka chini ya matuta ya mchanga ya Shela. Mvua hunywea mchangani, huchujwa polepole, na kwa kuwa maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi, hukaa juu yake badala ya kuchanganyika. Watoto wanaopanda matuta na kuteleza kwa makalio hadi chini wanacheza juu ya tangi la mji. Ufuo wa Shela una urefu wa kilomita 12 hivi, na mtu anaweza kutembea asubuhi nzima akikutana na wavuvi wawili na punda mmoja. Msiache taka, kwani kinachozikwa hapo hakiko mbali na mtungi wa mtu.

Ngalawa ina ndugu Indonesia

Yale mabawa mawili ya mbao yanayoshikilia ngalawa isipinduke ni ujuzi uliosafiri kuvuka Bahari ya Hindi. Wataalamu huuhusisha na mabaharia wa visiwa vya kusini-mashariki mwa Asia, walewale ambao zaidi ya miaka 1,000 iliyopita walifika Madagaska. Hadi leo Kimalagasi kina undugu na lugha za kisiwa cha Borneo. Fundi wa pwani huchonga gogo moja, mara nyingi la mwembe, hufunga mirengu yake, hutweka tanga la pembetatu, na chombo kiko tayari. Asubuhi na mapema wavuvi wanapotoka, au alasiri wanaporudi, mtaona jinsi mtu mmoja anavyoruka kutoka ubavu mmoja kwenda mwingine kusawazisha uzito. Hakuna anayedai ada ya kutazama.

Upepo wa tiara ndio uliowarudisha wafanyabiashara

Pepo zetu hugeuka kabisa mara mbili kwa mwaka: kaskazi huvuma kati ya Desemba na Machi, kusi huchukua zamu kuanzia Aprili. Kwa karne nyingi majahazi ya Uarabuni na India yalikuja na kaskazi na kurudi na kusi, na nahodha aliyechelewa alilazimika kungoja msimu wa pili. Kusi ya Julai na Agosti, ambayo huwaangukia wanafunzi likizoni, ndiyo bora kwa tiara. Vifaa viko nyumbani tayari: njiti mbili za makuti, karatasi au mfuko mwepesi, gundi ya unga wa ngano, uzi wa cherehani na mkia wa kitambaa chakavu. Ikizungukazunguka na kuanguka, ongeza mkia, isiponyanyuka, punguza.

Nusu mbili za mbingu zinaonekana kwetu

Usiku wa Mei usio na mawingu, kuanzia saa mbili hadi saa tatu, mtu aliye Mombasa akitazama kusini huona Msalaba wa Kusini, na akigeuka kaskazini huona nyota saba za Dubu Mkubwa, kila kundi likiwa karibu kimo kilekile. Anayeishi Sweden hauoni msalaba huo kamwe, na aliye kusini kabisa mwa Australia hamwoni dubu huyo akikamilika. Sisi tuko nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta, hivyo tumepewa zote. Tunachokikosa ni ile nyota ya kaskazini: imefichwa nyuzi 4 chini ya upeo wa bahari. Mtoto anayeweza kunyoosha mikono miwili kuonyesha pande zote mbili kwa wakati mmoja atakuwa amejifunza jiografia kuliko ramani nyingi.

Makachu yana ratiba yake

Vijana wa Zanzibar wanaojirusha kutoka ukuta wa Forodhani, wakipinduka hewani mara mbili kabla ya kugusa maji, hawachagui saa ovyo. Bila kina cha kutosha, makachu ni balaa. Kumbuka ile siri ya bamvu: ikiwa maji hukupwa saa nne asubuhi, basi hujaa karibu saa kumi jioni. Kwa hiyo siku za mwezi mwandamo na mpevu, jua likianza kupoa, ukuta hujaa watu na kila anayeruka huongeza mbwembwe kumzidi mwenzake. Bustani ya Forodhani ilikarabatiwa na kufunguliwa tena mwaka 2009, na iko ndani ya Mji Mkongwe uliotambuliwa na UNESCO mwaka 2000. Wanao wapige makofi, wasiige: wale wameanza wadogo na wanaujua kila mwamba uliozama.

Ubao wa bao mnaweza kuuchimba wenyewe

Bao la Kiswahili lahitaji mashimo 32 na kete 64, na ufuoni vyote viwili ni bure. Chimbeni safu nne zenye mashimo manane kila moja. Upande wa kila mchezaji shimo moja liwe la mraba, hiyo ndiyo nyumba. Kete za asili ni komwe, mbegu ngumu za kijivu za mkomwe. Mbegu hizi huelea baharini kwa miaka bila kuoza; nyingine za aina hiyo zimesukumwa na mawimbi hadi visiwa vya Uskoti, ambako watu wa zamani walizivaa kama hirizi bila kujua zimetoka kwenye mti gani. Msipozipata, vijiwe vinatosha. Mfundishe mtoto kunamua, umwache mzee wa chini ya mwembe amsahihishe, na mapema mkubaliane dau: atakayefungwa ndiye atakayebeba kikapu na mataulo mabichi hadi steji ya matatu.